Waliouawa Wakikesha: Namna ya Kuwaombea Ndugu zetu wa Kongo



Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 27 Julai 2025, waamini wa Parokia ya Mwenyeheri Anuarite, Komanda, mkoani Ituri, walikuwa katika mkesha wa sala. Waasi wa kundi la ADF waliwavamia, wakaua kwa risasi na mapanga, wakachoma nyumba na maduka ya jirani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo ulihesabu zaidi ya watu 40 waliouawa, watoto wakiwamo. Wengi wa wakazi wa eneo lile husali kwa Kiswahili kama sisi, na pengine usiku ule walikuwa wakituombea hata sisi tulio mbali.

Mwezi mmoja kamili kabla ya hapo, tarehe 27 Juni, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walikuwa wametia saini mapatano ya amani mjini Washington. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na kwa haki kabisa. Lakini mapatano yale yalihusu hasa mgogoro wa nchi hizo mbili, unaofungamana na kundi la M23, lililoiteka Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo. ADF ni kundi jingine. Chimbuko lake ni Uganda katika miaka ya 1990, na viongozi wake wamejifungamanisha na kundi linalojiita Dola la Kiislamu. Hawakuwa mezani Washington. Kwa watu wa Komanda, saini zile hazikuwa zimesimamisha lolote.

Jambo hili latuhusu sisi tunaosali. Katika Misa za Dominika tunasikia mara nyingi ombi fupi kwa ajili ya amani nchini Kongo, nasi tunaitikia. Ombi hilo ni jema, na Mungu hahitaji kufundishwa jiografia. Sisi ndio tunaohitaji. Anayemwombea mgonjwa huuliza hali yake: amelala wapi, anaumwa nini, nani anamhudumia. Asipouliza, mara tu anaposikia kwamba daktari amefika, huacha kusali. Ndivyo inavyoweza kutokea kwetu: redio ikitangaza mapatano, ombi linaondolewa katika orodha, ilhali kuna wanaoendelea kuzikwa.

Injili ya Marko, sura ya 2, yatuonesha watu wanne waliombeba mwenye kupooza. Walipozuiwa na umati walipanda juu, wakaitoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Mwinjili asema kwamba Bwana aliiona imani yao, yaani imani ya wabebaji. Hapo pana fundisho lote la sala ya maombezi. Kumwombea mwingine ni kumbeba, na anayebeba huujua uzito wa mzigo. Mtume Yakobo naye, katika sura ya 2 ya waraka wake, awaonya wanaomwaga ndugu mwenye njaa kwa maneno ya baraka bila kumpa mahitaji ya mwili. Neno “tutakuombea” laweza kuwa mwanzo wa huduma. Laweza pia kuwa njia ya heshima ya kuagana na mtu na kumwacha na shida yake.

Ombi hili laweza pia kuharibika kwa namna nyingine, pale linapogeuka kuwa chuki. Wapo watakaosikia habari za Komanda na kumtazama jirani yao Mwislamu kwa jicho baya. Wakumbuke kwamba mwezi Mei 2021, mjini Beni, imamu aliyejulikana kwa kukemea itikadi kali aliuawa msikitini akiwa katika sala. Upanga ule haujachagua dini. Na Mwenyeheri Anuarite, msimamizi wa parokia iliyoshambuliwa, alimsamehe muuaji wake alipokuwa akifa, tarehe 1 Desemba 1964. Kwa hiyo hata wauaji wana nafasi katika sala yetu: tuwaombee watubu, na tuombe kwamba haki itendeke.

Kanisa lilikuwa limetupatia mwombezi mwingine kutoka mashariki ya Kongo siku chache tu kabla ya mapatano yale. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa kuwa mwenyeheri. Alikuwa kijana mlei wa Goma, mwanachama wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ya kupitisha mchele ulioharibika, akauawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Sala yake ilifika mezani pake kazini. Vita vya mashariki ya Kongo vinalishwa pia na biashara haramu ya madini, na biashara hiyo hupita mikononi mwa watu wanaofumba macho mbele ya mzigo au karatasi. Anayeombea Kongo Dominika na kupokea bahasha Jumatatu anabomoa kile anachokiomba.

Ndugu waamini, Kongo haiko mbali nasi. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imewahifadhi wakimbizi wake tangu mwaka 1996, na katika parokia zetu nyingi wapo Wakongo wanafunzi, mafundi na wafanyabiashara. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, kabla ya kusali rozari, tumwombe mmoja wao atueleze hali ya nyumbani kwake na atutajie majina ya marehemu wake. Tutoe nia ya Misa kwa majina hayo. Sadaka ya jumuiya, japo ndogo, ipelekwe kwa Caritas kwa ajili ya waliokimbia. Na ombi la amani lisiondolewe katika orodha kwa sababu ya tangazo la redio. Libaki mpaka wenyewe watuambie kwamba sasa wanaweza kukesha katika sala na kurudi nyumbani salama.