Picha zetu zisiwe za kitambulisho tu

Vijana wenzangu, leo tuongee kidogo kuhusu picha.

Mkimbizi anapigwa picha sana. Ukivuka mpaka unaandikishwa, picha. Ukiomba kitambulisho, picha tena. Mgeni akija kutembelea mradi naye anatoa kamera, na wewe unajua kabisa anatafuta uso wa huzuni. Hizo zote zina kazi yake, sikatai. Ila hakuna hata moja uliyoichagua wewe.

Martina Bacigalupo, mpiga picha kutoka Italia aliyeishi miaka mingi hapa Burundi, alikuta mabaki ya picha kwenye studio moja mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, eneo lililoumizwa sana na vita. Mteja akitaka picha ya kitambulisho, alipigwa picha kubwa akiwa amekaa kwenye kiti, halafu uso unakatwa. Kilichobaki ni mwili wenye tundu la pembe nne mahali pa kichwa. Mwaka 2013 mabaki hayo yalitoka kama kitabu. Ndani yake unaona mikono, nguo, mtoto aliyepakatwa. Karatasi za ofisi zilihitaji uso tu, maisha yakabaki studio.

Basi maoni yangu ni haya: sisi tupige hicho kilichobaki. Na hapa Buyenzi kipo tele. Mikono ya fundi wa gari imejaa oili. Fungu la ndagala pale soko la Ruvumera. Viatu mlangoni mwa msikiti. Sufuria ya mama ikianza kuchemka.

Inasaidia moyo namna gani? Mtu aliyekimbia, akili yake mara iko nyuma, kule alikotoka, mara iko mbele, kwenye jibu ambalo halijafika. Leo inampita tu. Sasa, huwezi kupiga picha ya jana wala ya kesho. Lazima usimame, uangalie mwanga unatoka wapi, utulize mkono. Dakika hizo mbili upo hapa. Ukifanya kila siku, mtaa uliokuwa wa kupita tu unaanza kuuzoea, unaanza kuwa na vitu vyako.

Wengine watasema: picha hailipi kodi ya nyumba. Ni kweli, hailipi. Na mtu asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona, simu peke yake haimtoshi. Amtafute mshauri, au mtu mzima anayemwamini, waongee. Lakini kuongea nako kunahitaji pa kuanzia, na mara nyingi ni rahisi kusema "angalia hii" kuliko "mimi sina amani".

Napendekeza tufanye hivi: picha moja kwa siku, na mara moja kwa juma kila mtu aonyeshe moja na aseme kwa nini aliipiga. Asiye na simu aazimwe. Uso wa mtu, omba ruhusa kwanza. Wa mtoto, waulize wazazi. Askari na majengo ya serikali, achana nayo. Na si lazima kila kitu kiende mtandaoni.

Jioni hewa ikiwa safi, ukishuka ziwani unaiona milima ya Kongo kule ng'ambo. Wengi wetu tunaipiga sana. Ipige, ndiyo kwetu. Halafu geuka, upige na upande huu unaoishi.