Doa la Oili Uwanjani na Haki ya Jirani wa Chini



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu, leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: doa la oili kwenye zege mbele ya nyumba. Mwenye pikipiki au gari la kubebea viazi analijua vizuri. Na katika nyumba nyingi dawa yake ni moja: mtoto anapewa ndoo, sabuni na fagio, anamwaga maji mpaka weusi upungue mlangoni.

Sisi tunasema huko si kusafisha. Huko ni kumpelekea jirani uchafu wetu.

Tuiangalie ardhi tuliyopewa. Bugeshi iko kwenye miteremko ya volkano, mpakani na Kongo. Maji ya uwanjani kwetu hayakai. Yanashuka kwa jirani wa chini, kwenye mfereji na kwenye shamba la viazi. Mengine yanazama, kwa sababu mawe ya volkano yana matundu mengi, nayo hutokea mbali yakiwa chemchemi ambazo watu wengine wanachota. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina chembe za chuma na kemikali zinazodhuru mwili, wala haiozi upesi udongoni. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatoka kwenye umuganda, tunazibua mifereji. Itakuwaje Jumamosi inayofuata tumwage oili kwenye mfereji uleule?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani. Basi tusikiondoe mlangoni petu tukakiweka kwenye njia ya mwingine.

NAMNA YA KULIONDOA DOA

Zege linaonekana gumu, lakini lina vitundu vidogo sana na hunywa oili kama kitambaa kinavyonywa chai. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuinyonya oili, kabla ya maji kugusa chochote.

1. Doa bichi: Lifunikeni kwa unga wa mbao, mchanga mkavu au jivu lililopoa kabisa. Acheni usiku kucha, kisha zoeni. Rudieni mpaka unga usibadilike rangi tena.

2. Baada ya hapo: Nyunyizeni sabuni ya unga, ongezeni maji ya moto kidogo tu iwe kama uji mzito, msugue kwa burashi ngumu. Povu chafu msilisukume mferejini. Linyonyeni kwa unga wa mbao au matambara, mzoe.

3. Doa la zamani: Pondeni udongo wa mfinyanzi mkavu mpaka uwe laini, mchanganye na sabuni ya maji, mpake juu ya doa unene wa kidole. Ukikauka, kwanguani. Huenda ikabidi kurudia mara kadhaa, na doa la miaka mingi linaweza kubaki kama kivuli. Kivuli hicho hakimdhuru mtu.

YA KUEPUKA

Msitumie petroli wala mafuta ya taa. Yanailainisha oili ikazama zaidi ndani ya zege, na mvuke wake unashika moto. Maji ya betri nayo yanakula sementi na kuiacha oili palepale. Yakichanganywa na javeli hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Mikono ifunikwe, kwa sababu oili chafu ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu inaweza kuleta maradhi, hata saratani.

Na huo unga wa mbao uliolowa oili, akina mama, usiwashiwe jiko. Unawaka vizuri, ni kweli, lakini moshi wake ni sumu kwa watoto walio jikoni. Uwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto, kisha muulizeni fundi wa gereji inayokusanya oili chafu, au uongozi wa sekta, upelekwe wapi.

Kuna watakaosema: "Mvua itaosha yote." Mvua itaibeba oili ileile, kwa njia ileile, hadi kwa jirani yuleyule. Wengine watasema kazi hii ni ya watoto au ya msichana wa nyumbani. Hapo ndipo tunapopinga zaidi. Si haki mtoto achovye mikono katika sumu ya chombo asichokiendesha. Mwenye injini ndiye mwenye doa. Baba achukue burashi mwenyewe, na mtoto asimame pembeni ajifunze.

Lililo bora ni oili isidondoke kabisa. Beseni kuukuu lenye mchanga chini ya pikipiki linatosha mpaka fundi azibe panapovuja. Na fundi akija kukubadilishia oili uwanjani, usimruhusu kufungua boliti kabla hajaweka chombo cha kukingia.

Wanafunzi, nyinyi mnaosoma sayansi shuleni, waelezeni wazazi kwa adabu kwa nini oili haichanganyiki na maji. Na sisi wazazi tukubali kufundishwa. Jirani wa chini hatatuona tukifanya kazi hii, lakini shamba lake na maji yake vitasalimika, insha Allah.

Wabillahi tawfiq.