"Hii Si Sanaa": Kauli ya Wanaokwepa Hoja

Mwaka jana nilialikwa Muleba kutazama maigizo ya vijana. Katika igizo la tatu, msichana aliyevaa sare za shule alisimama katikati ya uwanja, akachomoa tumboni khanga iliyoviringishwa, akaibwaga mbele ya meza kuu. Kisha akawauliza wageni waheshimiwa swali moja tu: "Baba yake ameketi safu ipi?" Hakutaja jina la mtu. Wazee wawili waliinuka wakaondoka. Afisa mmoja aliomba kipaza sauti, akatamka kwamba hii si sanaa bali ni utovu wa adabu, na igizo likakomea hapo.

Jioni, njiani kurudi Bukoba, niliitafakari kauli ile. Hasira ya afisa haikunishangaza. Msichana yule alikusudia mtu akasirike. Kilichonisumbua ni namna afisa alivyolikwepa swali. Hakusema kwamba jambo lile halitokei, wala hakusema kwamba linatokea na lina dawa yake. Aliliondoa igizo katika jina la sanaa, na kwa tendo hilo moja akajisamehe wajibu wa kulijibu.

Hoja yangu ni hii: kazi iliyotungwa makusudi ili ishtue ni sanaa sawasawa na iliyotungwa ili ituliwaze. Inaweza kuwa sanaa mbovu, na tuna haki ya kuiita mbovu. Lakini kauli ya kwamba "si sanaa", inapotoka kinywani mwa mwenye madaraka, mara nyingi haituelezi lolote kuhusu kazi yenyewe. Inatueleza nani ameguswa.

Tuanze na jirani yetu wa majini. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe katika ziwa hili hili tunaloliona kutoka gati la Bukoba, alichapisha riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971. Ndani yake mna binti aliyelelewa kwa mkwaju na baba mkali, kisha akaachiwa dunia bila kufundishwa lolote kuhusu mwili wake. Mna ngono, mna utoaji mimba, mna binti anayejiua. Mwandishi hakuteleza kalamu. Alitaka msomaji ashtuke. Riwaya ikapigwa marufuku shuleni. Miaka ikapita, kitabu kile kile kikaingia katika orodha ya vitabu vya kiada, na wanafunzi wakatungiwa maswali ya mtihani juu yake. Rosa hakuwa amebadilika. Waliobadilika ni wasomaji wenye mamlaka ya kuamua.

Sasa tuweke mwaka mwingine kando ya huo. Mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, Kamachumu, hapa hapa Muleba, waligunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Wazee wetu wanakumbuka kwamba ugonjwa ule uliitwa "Juliana", kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyovuka mpaka kutoka Uganda. Tuliupa maradhi ya zinaa jina la nguo, kwa sababu jina la tendo lilikuwa aibu kulitamka mbele ya watu. Sidai kwamba riwaya moja ingewaokoa waliozikwa migombani mwetu. Ninadai kwamba jamii iliyoona heri kufunga kitabu kuliko kujibu maswali yake ilifikwa na msiba huo ikiwa haina hata lugha ya kuuzungumzia. Mwenyewe Mswahili alikwisha kusema, tena bila kumung'unya, kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo nayo inashtua ukiisikiliza vizuri, na tunawafundisha watoto bila hofu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani. Basi tutazame Machi 2017. Nay wa Mitego alitoa wimbo "Wapo" wenye maneno makali kwa wakubwa. Akakamatwa, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo. Muda si muda, Rais John Magufuli akaagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, akapendekeza hata auongezee maovu mengine. Hakuna ubeti uliofutwa wala noti iliyohamishwa. Kilichopatikana ni sauti ya mkubwa kuliko wakubwa wa kwanza. Kama maadili yanaweza kugeuka kwa simu moja, hatukuwa tunapima maadili. Tulikuwa tunapima ngazi.

Ng'ambo ya Mutukula hali haikuwa tofauti, ila huko mkubwa hakupiga simu ya kusamehe. Dkt. Stella Nyanzi alichapisha mtandaoni mwaka 2018 shairi chafu kwa makusudi, lililomgusa Rais Museveni na marehemu mama yake. Mimi nisingeliandika, kumtukana mama wa mtu kunanichoma. Agosti 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia huru. Akiwa gerezani Luzira aliandika mashairi mengine yaliyotoka kitabuni. Uchungu wangu kwa tusi lile ni haki yangu kama msomaji. Haujawa ushahidi kwamba lile halikuwa shairi, wala haujawa sababu ya kumfunga mtu.

Nakubali upande wa pili una hoja. Kuna mshtuko wa dukani, unaouzwa kwa kilo: wimbo unaochezea jina la kiungo cha mwili kwa mafumbo ambayo hata mtoto anayafumbua, na ukiisha haukuachii ila mdundo. Wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, uliofungiwa Novemba 2018, ulinichosha kwa sababu hiyo. Hata hivyo nauita wimbo, na nauita wimbo mwepesi. Serikali inapotaka kuzuia usipigwe mchana watoto wakisikiliza, hiyo ni hoja ya saa na umri; tuijadili hivyo, tusiifiche nyuma ya falsafa ya sanaa.

Kipimo changu ni swali moja: mshtuko ukishapoa, umetuachia nini mkononi? Ukituachia jambo tulilokuwa tunalikanyaga bila kulitazama, kazi imetimia. Usipotuachia kitu, mhakiki auseme udhaifu huo, kwa jina lake na kwa hoja zake.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mnaposoma haya ofisini, siwaombi mpende kinachowaudhi. Nawaomba mkitaka kukataza mseme: "Hii ni sanaa, na ninaikataza kwa sababu hii." Sentensi hiyo ni nzito kuitamka, kwani inamtaka msemaji atoe sababu na abebe lawama. Nanyi wanafunzi, msijivunie kumuudhi mtu kabla hamjajua mnataka aone nini.

Khanga ile ilibaki uwanjani hadi viti vilipokusanywa. Msichana aliiokota mwenyewe, akaikung'uta vumbi. Swali lake halijajibiwa.