Ulimuuliza Jina?

Kila msee mwenye kamera Nakuru ana picha ya mama anayechoma mahindi. Mimi pia nilikuwa nayo. Niliipiga jioni moja karibu na steji, mvua ikiwa imetoka tu kuacha, moshi ukipanda mbele ya taa za matatu, uso wa mama nusu gizani, nusu kwenye mwanga wa makaa. Ilikuwa picha kali na sitajifanya kwamba haikuwa.

Jumamosi moja tulikutana hotelini wapiga picha kama kumi, hakuna hata mmoja wa kulipwa: mwalimu, mtu wa boda, fundi wa simu, wanafunzi wa chuo. Mpango ulikuwa rahisi. Kila mtu aonyeshe picha moja anayoipenda ya maisha ya kila siku, kisha asimulie hadithi iliyo nyuma yake. Zamu yangu ilipofika nikawaambia habari za mama aliyevumilia moshi miaka nenda miaka rudi, akasomesha watoto kwa mahindi ya kuchoma. Picha nilikuwa nimeipa jina "Moshi wa Matumaini". Wakapiga makofi.

Kijana aliyekuwa akituletea chai akasimama nyuma yangu, akaangalia skrini. "Huyu namjua," akasema, akamtaja kwa jina. "Lakini huyu hachomangi mahindi. Huyu ni fundi wa nguo. Hapo alikuwa amemshikia dadake kibanda, dadake alikuwa ameenda kliniki."

Kimya. Miaka yote ile ya moshi ikawa jioni moja. Watoto niliowasomesha kwa mahindi nilikuwa nimewatoa kichwani mwangu.

Ningeficha aibu hiyo kama ingekuwa yangu peke yangu. Lakini rudi usikilize hadithi zilizosimuliwa siku ile. Niliamka saa kumi alfajiri. Nilingoja mwanga dakika arobaini. Nililala chini kwenye matope. Katika picha kulikuwa na mtu wa mkokoteni soko la Wakulima, kinyozi wa Bondeni, watoto kwenye jaa la taka la Gioto. Katika hadithi kulikuwa na mpiga picha tu. Tuliulizana lenzi ni ya milimita ngapi. Hakuna aliyeuliza yule wa mkokoteni anaitwa nani.

Nasema hivi: hadithi ya picha ya mtu ni ya huyo mtu kwanza. Kama hukumuuliza, unayosimulia ni ya kwako, umemvalisha yeye.

Na kosa hili ni la zamani. Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja akiwa kambini na watoto wake. Picha hiyo, Migrant Mother, ikawa sura ya umaskini wa Marekani wa miaka ile. Lange hakumuuliza jina. Aliandika kwamba familia ilikuwa imetoka kuuza matairi ya gari lao ili ipate chakula. Ni mwaka 1978, miaka 42 baadaye, ambapo watu walijua mama huyo ni Florence Owens Thompson. Alikuwa na uchungu: hakuulizwa jina, na picha haikumpa hata senti. Mwanawe naye alisema matairi hayo hawakuyauza kamwe. Kama Lange alikosea hivyo, wewe na simu yako pale steji utaponea wapi?

Wazazi wetu walimjua mpiga picha wa aina nyingine. Mama yangu ana picha aliyopigwa Nyayo Gardens akiwa msichana, mkono kiunoni, viatu vya kuazima. Kameraman alichukua pesa kidogo, akaandika jina lake kwenye daftari, akaenda kuosha picha, akarudi nayo. Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa anatafuta pesa kama sisi sote. Lakini bila kurudisha picha halipwi iliyobaki, na bila jina hajui ampe nani. Kazi yenyewe ilimlazimisha kuwa na adabu. Yetu haitulazimishi chochote. Tunachukua, tunaweka Instagram, tunahesabu laiki, na mwenye uso hajui kama ameenda popote.

Najua jibu lako: ukimwomba ruhusa atajipanga, atatabasamu, na picha itakufa. Sawa, piga kwanza. Halafu shusha kamera, msalimie, muonyeshe, muulize. Hiyo inachukua dakika mbili, na wewe ni yule yule uliyengoja mwanga dakika arobaini. Na akijipanga, kuna ubaya gani? Kujipanga ndiyo njia yake ya kusema anavyotaka kuonekana.

Utasema pia kwamba barabarani kila mtu anaonekana. Basi mbona hatuendi Milimani kupiga watu picha wakiwa nje ya nyumba zao? Kwa sababu kule kuna geti na askari. Gioto hakuna geti. Tusiite huo ujasiri wa msanii. Tunaenda mahali ambapo hakuna wa kutufukuza. Yule mtoto uliyempiga akiokota chupa, ukamwandikia "Tabasamu Katikati ya Shida", Jumatatu ana shule, na wenzake wana simu.

Sheria nayo haijalala. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuja kujiburudisha tu. Ni kweli sheria hiyo inaacha nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, na najua wengi wetu tutakimbilia mlango huo. Lakini ukimwambia fundi wa nguo kwamba uso wake sasa ni sanaa, tegemea akuulize ni nani aliyeamua.

Mimi niliulizwa. Niliosha picha, nikaipeleka kwake. Aliitazama muda mrefu. "Kijana, ungeniambia ningetoa hiyo kitambaa," akasema. Kisha: "Watu watadhani mimi sina kazi. Mimi ni fundi. Nipige na cherehani yangu." Nikampiga akiwa amesimama wima, mkono juu ya cherehani, bila kucheka, kama picha za studio za zamani. Hiyo iko ukutani kwake. Ile ya moshi alisema niitoe mtandaoni, nikaitoa. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na hamtaiona. Jina lake nalijua sasa. Silitaji hapa kwa sababu nilimuuliza, akasema hapana.

Kwa hivyo tukikutana tena, nina ombi. Kabla ya kutuambia uliamka saa ngapi, tuambie mambo matatu: anaitwa nani, au kama alikataa kutajwa, kama amepata nakala yake, na kama amesikia ulichoandika juu yake. Kama huna hata moja, hakuna shida, keti unywe chai. Siku hiyo tuonyeshe Menengai. Mlima hauna wenzake wa shule.