Hukukataliwa, Hukuitwa Tu

Unakumbuka ile siku matokeo yako ya KCSE yalitoka? Simu mkononi, mathe amesimama nyuma yako, netiwaki inazunguka tu. Wengi wetu tulidhani hiyo gredi ni ya kuamua chuo na kozi, basi. Kumbe wakati huo kuna wasee walikuwa wanapata mialiko ambayo wewe na mimi hatukujua iko.

Chukua Equity. Tangu 1998 benki hiyo imekuwa na mpango wa kuwaita wavulana na wasichana walioongoza KCSE kwenye wilaya zao. Ukiitwa, unapata mafunzo ya kazi yenye malipo kwenye tawi la benki, na kuna watu wa kukushika mkono unapoomba nafasi vyuo vya ng'ambo. Kuna pia KenSAP, iliyoanzishwa 2004 na mwanahabari Mmarekani John Manners pamoja na Mike Boit, yule wa shaba ya mita 800 Olimpiki za Munich 1972. Hao wamepeleka Wakenya hadi Harvard. Miaka ya mwanzo, vijana walioitwa Iten walihojiwa, kisha wakakimbizwa mita 1,500! Lakini kabla miguu yako ionwe na mtu, gredi ilibidi iwe imekufungulia geti.

Mbona gredi? Kwa sababu ni chujio la bei rahisi. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Hakuna ofisi itawahoji wote hao. Waliopata A walikuwa 1,693. Hao unaweza kuwapigia simu mmoja mmoja.

Hapa ndipo shida inaanzia, kwa sababu hiyo A haitulii mahali pamoja. Mwaka wa 2015 walioipata walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, Waziri Fred Matiang'i alipokaza kamba dhidi ya wizi wa mitihani, wakashuka hadi 141, na watahiniwa walikuwa wameongezeka. Manze, akili za vijana hazipotei kwa miezi 12. Kipimo ndicho kilibadilika. Sasa fikiria mpango unaosema "A pekee" miaka yote miwili. Ni kama kununua unga kwa mkebe ambao mwenye duka anaubadilisha kila msimu, na bado anauita kilo.

Shida ya pili inanigusa mimi. Nilisoma shule ya kutwa Eastlands, darasa la watu zaidi ya 60, mwalimu wa fizikia alikuja muhula wa pili Fomu Thrii. Nilipata B. Shuleni kwetu hiyo ilikuwa habari kubwa, mwalimu mkuu aliitaja gwaride likiwa limesimama. Jirani yangu alikuwa shule ya kitaifa, akapata A. Miezi michache baadaye nilimwona stejini amevaa tai, anaenda kazini benki. Sina kinyongo naye, alisoma. Mimi niliingia chuo, karo ikanishinda mwaka wa pili, nikatoka. Mpaka leo sijui kama B yangu ilikuwa kazi ndogo kuliko A yake. Hakuna aliyeuliza.

Hilo ndilo swali unalopaswa kuuliza kuhusu mpango wowote: unalinganishwa na nani? Equity walipoanza kuangalia wilaya kwa wilaya, walifanya jambo la maana. Mtoto wa Turkana hakuhitaji kumshinda mtoto wa Kiambu ili aitwe. Lakini ukiwa shule ya kutwa iliyo eneo moja na shule ya kitaifa, bado umebanwa. Ulinganisho wa haki ungeshuka hadi shuleni: nani aliongoza pale penye vitabu vichache na walimu wachache?

Utaniambia, basi tutupe gredi kabisa. La. Sote tunajua basari za mtaani hugawanywa vipi pale ambapo hakuna kipimo: nani anamjua chifu, nani binamu ya mheshimiwa. Gredi ndiyo karatasi pekee ambayo mtoto wa mama mboga anaweza kuiweka mezani na mtoto wa mkubwa akakosa jibu. Ukiiondoa, maskini ndiye anaumia kwanza.

Kinachofaa ni gredi ikufikishe mlangoni, kisha watu waje wakuone. Wings to Fly, iliyoanza 2010, ilifanya hivyo na watoto wa KCPE: alama kwanza, halafu mahojiano mbele ya jopo la jamii, halafu watu wanafika nyumbani kuona hali yenyewe. Inachukua muda na pesa, lakini inaona kile karatasi haionyeshi.

Kwa hivyo wewe uliye Fomu Foo, au uliyemaliza juzi na B yako, usikae ukingoja simu. Mipango ya kuitwa ni michache. Tafuta ile ya kuomba mwenyewe. African Leadership Academy kule Johannesburg, kwa mfano, hupokea maombi ya vijana wa miaka 16 hadi 19, na pamoja na alama zako wanataka kusoma ulichoandika na kujua umeanzisha nini mtaani kwenu. Uliza shuleni nani hupeleka majina, na yanapelekwa lini.

Mdogo wangu yuko Fomu Foo sasa. Wikendi anafanya hesabu asubuhi, na jioni tunakaa na simu yangu tukiandika insha kuhusu kile kilabu cha kusoma alichoanzisha kwa ploti yetu. Akipata A, sawa. Akipata B, insha itakuwa tayari.