Muziki wa Bendi si wa Baa Peke Yake

Katika mdahalo wa muhula uliopita hoja ilikuwa kwamba muziki wa bendi za zamani hauna faida kwa mwanafunzi, na hoja hiyo ikapita kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Kura ni kura, wala sina nia ya kuwanyang'anya wenzangu ushindi wao. Lakini dakika nne alizopewa kila msemaji hazikunitosha, na yaliyonibaki kinywani nimeona afadhali niyaandike hapa, wapate kuyasoma na ndugu zetu waliokwisha kuhitimu.

Msemaji mkuu wa upande wa pili alitoa sababu mbili. Kwanza, muziki huo ni wa baa. Pili, si wetu, maana tumeuazima kwa Wamarekani pamoja na jina lake, yaani jazi.

Nianze na hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyopigiwa makofi mengi. Jina ni la Marekani kweli. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Kwa jirani zetu wa Kongo, katika mji wa Leopoldville ambao leo ni Kinshasa, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Lakini mtu akizisikiliza santuri zao akitafuta jazi ya New Orleans, atatafuta mpaka jua lizame. Atakuta rumba. Santuri za Kuba zenye alama ya GV zilianza kuuzwa Afrika mwaka 1933, na watu wa Kongo walipozisikia waliutambua mdundo ule kama mtoto wa nyumbani aliyechukuliwa mbali, akarudi amejifunza kuvaa viatu. Kwa wazee wale neno jazz lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa yenye magitaa na saksafoni, basi. Jina waliliazima, nyimbo wakatunga wenyewe. (Hata neno "shule" limetoka kwa Wajerumani, na sijamsikia mtu akitaka tulirudishe.)

Hapa Rwanda ilikuwa vivyo hivyo kwa Orchestre Impala na wenzao wa miaka ya 1970 na 1980. Magitaa yalikuwa ya umeme, mwendo ulikuwa wa rumba, na maneno yalikuwa Kinyarwanda kitupu. Nyimbo hizo ndizo tunazoziita karahanyuze, na muziki wa bendi zinazozipiga jioni mahotelini na katika mabaa ndio igisope.

Sasa habari ya baa. Sababu hii ina uzito zaidi, wala siwezi kudai kwamba igisope hupigwa sakristia. Katika likizo mjomba wangu alinichukua mjini Gisenyi, kwenye usiku wa jazi na swingi za zamani. Watu walikunywa bia, mimi nilikunywa Fanta. Bendi ilikuwa ya watu tisa, vijana sita na wazee watatu. Bendi kubwa za swingi za Marekani, kama ile ya Duke Ellington katika miaka ya 1930, zilikuwa na wapigaji kumi na wanne au kumi na watano, wamepangwa kwa safu: tarumbeta safu yao, saksafoni safu yao. Safu moja huuliza na nyingine hujibu, kama tunavyofanya sisi katika Litania, huku besi ikitembea chini yao hatua kwa hatua bila kuchoka. Hawa wa Gisenyi walikuwa na tarumbeta moja na saksafoni mbili, kwa hiyo ilibidi gitaa lijibu mahali pa safu nzima. Lilijibu vizuri sana.

Kuna jambo moja nililoliona pale ambalo nilitaka kulisema katika mdahalo. Kijana wa tarumbeta aliingia mapema, kabla ya zamu yake, akapotea. Mzee mmoja wa saksafoni hakusimama wala hakumkazia macho. Alipunguza sauti, akarudia kipande kile kile mara ya pili, na mara ya tatu, hata kijana akaupata mlango akaingia. Wachezaji hawakujua kwamba kuna aliyepotea. Mtu anayeimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa hawezi kupata msaada huo, maana mashine haimngojei mtu. Mimi nimekaa darasani miaka mingi, na masomo ya namna ile ninayahesabu kwa vidole.

Baada ya mapumziko walipiga karahanyuze, na ukumbi mzima ukaimba. Ndipo nikafikiri habari ya umri wa wale wazee. Santuri na radio zimehifadhi sauti, lakini hazionyeshi vidole vilipita wapi, na sehemu kubwa ya muziki huu haikuandikwa katika karatasi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwachukua watunzi na waimbaji kama André Sebanani wa Impala na Cyprien Rugamba. Sisi wa Nyundo hatuhitaji kuelezwa mwaka ule ulifanya nini. Waliobaki ni wazee, na kila mmoja anapofariki anakwenda na njia yake ya kupiga.

Basi, kama muziki huu unapatikana baa tu, nauliza ni nani aliyeufungia milango mingine. Louis Armstrong alifundishwa koneti katika nyumba ya kurekebisha watoto watukutu huko New Orleans, alipopelekwa mwaka 1913 kwa kosa la kufyatua bastola barabarani. Mwaka 1960 alifika Leopoldville, na umati ukambeba juu ya kiti kama chifu. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Shule ya muziki iliyofunguliwa hapa hapa Nyundo mwaka 2014 imetoa vijana wanaopiga vyombo kwa mikono yao mbele ya watu, na sijasikia mtu akiwaita walevi kwa sababu hiyo.

Nimemwendea Padre anayesimamia kwaya. Hakukataa. Masharti yake ni kwamba iwe Jumamosi mchana, pasiwe na pombe, na tumalize kabla ya sala ya jioni. Wale wazee watatu nao, kwa njia ya mjomba, wameomba nauli na chakula cha mchana tu, tena wako tayari kukaa na wanafunzi kumi saa nzima kabla ya kupiga. Katika ghala yetu mna tarumbeta mbili zilizoota kutu ya kijani na ngoma moja kubwa, nasi tumeanza kuzisugua. Saksafoni hatuna. Ndugu mliohitimu, aliye na moja iliyolala juu ya kabati, au awezaye kutununulia Kigali nyuzi za gitaa na vile vijiti vya mwanzi vya kupulizia, tafadhali amwandikie Mhariri kabla ya mwisho wa mwezi. Tutaitunza na kuirudisha.