Sukari ya TPC nayo iuzwe sokoni

Mhandisi aliyestaafu TPC, Arusha Chini, na kurejea kwenye kihamba chake Kibosho bado huuliza hali ya mitambo. Habari anazopata ni njema. Mwaka 2000 Serikali iliuza asilimia 75 ya hisa kwa kampuni ya Mauritius, ikabaki na 25. Wakati huo kiwanda kilizalisha tani zipatazo 36,000 za sukari kwa mwaka. Baadaye kikavuka tani 100,000.

Lakini habari njema si gawio. TPC haimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, hivyo mstaafu huyo hawezi kununua hata hisa moja, wala mfanyabiashara wa Mbuyuni anayeuza sukari hiyo. Hisa za Kampuni ya Bia ziliingia sokoni mwaka 1998, za Sigara mwaka 2000.

Maoni yetu: Serikali iwauzie wananchi sehemu ya hisa zake. Hazina itapungukiwa gawio, ila itapata fedha taslimu, na hesabu za kampuni zitatangazwa hadharani. Hadi hapo, msomaji, atakayekuuzia “hisa za TPC” mtaani ni tapeli.